Sura ya Nne: Tawi Mdomoni mwa Njia ya Mikoko

Inspetora Haula Cassamo alifika kwenye lango la Parque da Baía Jumatatu asubuhi akiwa na hasira tatu. Ya kwanza ilikuwa ya barabara, ambayo kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma ilimtikisa mpaka meno. Ya pili ilikuwa ya agente Rama, dereva wake, aliyeimba njia nzima wimbo mmoja ambao hakuujua vizuri. Ya tatu ilikuwa bado haijapata wa kumwangukia. Haula aliibeba kama mtu aliyeshika jiwe mkononi, anatazama huku na huku.

Langoni palisimamishwa ubao mkubwa wenye amri za bustani kwa rangi ya dhahabu. Usichume. Usikate. Usivue. Usiwashe moto. Usitembee bila viatu. Amri hii ya mwisho ilitolewa kwa heshima zote katika mji ambao nusu ya watu wake walishavuka pori hilohilo wakikimbia vita, miguu mitupu, watoto mgongoni, bila ubao wowote wa kuwaelekeza. Sasa pori lilikuwa limepewa uzio, jina, na njia tatu za matembezi: Njia ya Mikorosho, Njia ya Mivinje, na Njia ya Mikoko iliyoshuka mpaka majini. Jumapili wakubwa wa maofisini walikuja na viatu vya rangi ya embe, wakatembea hadi mwisho wa njia, wakayatazama maji, wakarudi. Wenyeji waliwaonea huruma sana. Mtu kwenda mbali kote kule, asirudi hata na kuni!

Chini ya ubao, juu ya mkeka, alikaa mwanamke aliyejifunga kanga mbili, mwenye uso usiotaka salamu.

"Wewe ndiye polisi?" aliuliza.

"Mimi ndiye, dada."

"Mwanamke?"

"Tangu nilipozaliwa."

Mwanamke akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi. "Mimi Mastura, mke wa Amido. Kaa. Wote waliokuja hapa wamezungumza nami wamesimama, kama mimi ni kuku."

Haula akakaa. Mastura alieleza kwa mkato, kama mtu aliyechoka kueleza. Amido, mumewe, ndiye mlinzi wa bustani na ndiye aliyewaongoza wageni kwenye njia. Alhamisi alasiri aliingia kufanya mzunguko wake, hakutoka. Ijumaa mchana Mastura alikwenda kwa Mkurugenzi wa bustani, Senhor Custódio, akamwambia mume hajarudi.

"Akasemaje?"

"Akasema nenda nyumbani mama, usitie watu hofu, kesho asubuhi tutatafuta. Ikabidi nivumilie. Msikitini kulitangazwa usiku, baada ya isha."

"Kabla ya isha ulimwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Mjinga mimi!" Mastura akapiga mkeka kwa kofi. "Jumamosi alfajiri watu wakaingia, wakatafuta, wakatoka. Hayupo. Tangu hapo sijaondoka langoni. Jana Mkurugenzi akamkamata ndugu yangu Chaquir, eti ndiye aliyemuua shemeji yake. Amemfungia stoo pamoja na mareki. Nikuulize, Inspetora: maiti iko wapi? Mtu gani huyo anauawa bila maiti?"

Mlango wa ofisi ukafunguliwa na Senhor Custódio akatoka. Alikuwa mtu wa kusini, aliyeletwa kuisimamia bustani tangu ilipozinduliwa. Kofia yake ilikuwa nyeupe, viatu vyake vyeupe zaidi, na tabasamu lake lilivishinda vyote viwili.

"Karibu, Inspetora! Tumeshakurahisishia kazi. Muuaji tunaye."

"Nani alikuomba unirahisishie?"

Tabasamu likapungua kidogo. "Ni kwa nia njema. Bustani lazima iwe salama. Jumapili tuna matembezi ya wageni wakubwa..."

"Fungua stoo."

Ndani ya stoo Chaquir alikuwa ameketi kwenye toroli kama sultani aliyepinduliwa. Alikuwa na mwili wa mbeba mizigo na jicho moja limevimba. Haula akauliza jicho limefanya nini. Custódio akasema mtuhumiwa alijigonga. Chaquir akasema ndiyo, alijigonga kwenye ngumi ya mlinzi wa ofisi. Haula akamwomba Mkurugenzi asubiri nje, na alipokawia kutoka, agente Rama akamsindikiza kwa tumbo.

"Uligombana na Amido?"

"Nani hagombani na shemeji yake?"

"Nijibu vizuri, Chaquir. Nimetoka mbali na sina raha."

"Tuligombana. Nilikata boriti za mkoko, chache tu, za banda la mbuzi. Akanikuta. Akanitangaza msikitini, Inspetora! Mbele ya watu, mimi, kaka wa mkewe! Akasema mkoko ndio unaozuia bahari isije kulala vitandani mwetu."

"Ukamtishia."

"Nilimwambia nitamvunja mguu."

"Ukamvunja?"

"Ningemvunja ningejisifu. Mji mzima ungejua."

Rama akacheka. Haula akamtazama, naye akakoma kucheka.

"Jumamosi alfajiri ulikuwa wapi?"

"Namtafuta. Ulitaka nani amtafute? Mimi niliongoza kundi moja, Shaibu muadhini akaongoza jingine. Sisi tuliingia Njia ya Mivinje, tukaipita yote, hayupo. Tukaelekea Njia ya Mikoko."

"Mkaona nini huko?"

"Tawi."

Haula, ambaye alizaliwa Quiterajo na alitafuta mbuzi kabla ya kutafuta wezi, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Pwani hii yote watu wakitafuta kilichopotea, kundi likimaliza njia hukata tawi bichi na kulilaza mdomoni mwa njia ile. Maana yake: tumepita, hayupo, nendeni kwingine. Tawi hilo halihojiwi, kama vile mlango wa choo uliofungwa hauhojiwi. Mtu muungwana huliona kwa mbali akageuka.

"Tawi la nani?"

"La kundi la Shaibu. La nani tena?"

"Uliwauliza?"

"Tawi unaliulizaje, Inspetora?"

"Rama! Niletee huyo Shaibu."

Shaibu muadhini alikuja mbio akiwa ameshika kofia. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Haula hakumpa hata nafasi ya kupumua.

"Jumamosi kundi lako lilipita njia ipi?"

"Ya Mikorosho, Inspetora. Yote, mpaka kwenye uzio. Kisha tukaenda Mikoko, tukakuta Chaquir keshaweka tawi, tukarudi. Alhamdulillahi tulimaliza mapema."

"Mimi?" Chaquir akaruka kutoka kwenye toroli. "Tawi lile ni lenu!"

"Letu? Sisi tuliweka la Mikorosho tu. Usitusingizie, Chaquir!"

"Nakusingizia nini, we mwana wa—"

"Nyamazeni!"

Stoo nzima ikanyamaza, na mareki pia. Ile hasira ya tatu sasa ilikuwa imejua nyumba inayoiendea, ila bado haijajua mlango.

"Mkurugenzi naye alikuwa na kundi?"

"Yeye alikaa langoni na kipaza sauti," alisema Shaibu. "Alitutia moyo."

"Basi njia tatu, makundi mawili. Watu wazima, waliokwenda madrasa, waliokulia baharini. Na njia moja haikukanyagwa na mguu wa mtu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili! Mnasikia ninachosema? Hakuna aliyekwenda kumtafuta huko. Kila mmoja wenu alirudi nyumbani akanywa chai kwa sababu ya jani!"

Haula alikuwa ameshatoka nje.

Custódio alimfuata akikimbia, akimweleza kwamba Njia ya Mikoko imefungwa kwa matengenezo, kwamba mbao za daraja si salama, kwamba wageni wenyewe hawaruhusiwi. Haula alitembea. Mastura akaacha mkeka wake, akatembea. Chaquir na Shaibu wakatembea wakisukumana viwiko. Nyuma kabisa akaja Rama na pingu. Msafara huo, kama ungekuwa na viatu vya rangi ya embe, ungefaa kabisa kuitwa matembezi ya Jumapili.

Mdomo wa njia ulikuwa kwenye mchanga mweupe, pale mivinje inapoishia na mikoko kuanza. Tawi lilikuwapo, limelala kati ya nguzo mbili za kibao, majani yamekauka. Haula akanyoosha mikono, wote wakasimama. Akachuchumaa.

"Senhor Diretor, desturi hii ya tawi unaijua?"

"Sana!" Custódio akapata pumzi, kwani hili alilipenda. "Amido mwenyewe alinifundisha. Aliwaonyesha wageni kila Jumapili. Niliitaja katika hotuba yangu ya uzinduzi: hekima ya wenyeji, urithi wetu wa pamoja..."

"Vizuri. Mastura, njoo. Hili ni tawi la nini?"

Mastura akainama. Uso wake ukabadilika. "Mkorosho."

"Na hivi vya rangi ya kutu?"

"Maua. Yamekauka, lakini ni maua." Akamgeukia kaka yake. "Chaquir! Ulikata mkorosho wenye maua?"

"Mimi? Mwezi huu wa Agosti? Nina kichaa?"

"Shaibu?"

"Astaghfirullah! Mama yangu angetoka kaburini anichape."

"Mimi mama yangu yuko hai," alisema Rama kwa huzuni. "Angenichapa leo leo."

"Lakini hili ni tawi tu," alisema Custódio.

Haula akainua macho, taratibu.

"Ndiyo," alisema. "Katika watu wote tuliosimama hapa, ni wewe peke yako unayeona kwamba hili ni tawi tu. Hawa wanaona korosho ambazo hazitaliwa. Rama, nimeona mikorosho nyuma ya ofisi ya Senhor Diretor. Nenda kakague. Ukikuta tawi limekatwa karibuni, nipigie picha ya mkato wake."

Rama akaenda. Custódio akavua kofia, akaivaa tena. Akasema mtu yeyote anaweza kuingia nyuma ya ofisi yake.

"Anaweza," alikubali Haula. "Twende kwenye jiwe. Jiwe hili lililokaa juu ya tawi ni la nini, Chaquir?"

"Sijui. Tawi la njia haliwekewi jiwe. Linalazwa tu."

"Ulipoliona Jumamosi, jiwe lilikuwapo?"

Chaquir akatazama chini. "Sikufika karibu."

"Hukufika karibu." Haula alirudia maneno hayo kama mtu anayetema mbegu. "Basi nitakusaidieni. Aliyeliweka aliogopa maji yasilichukue. Aliliweka kabla maji hayajapanda. Sasa tazameni mchanga. Nyote ni watu wa pwani, nitaona haya kuwaeleza."

Hakuona haya, akawaeleza. Juu kabisa, kupita kibao, kulikuwa na mstari wa mwani, vijiti na povu kavu, ule ambao bahari huuacha inapofika mwisho wake. Chini ya tawi kulikuwa na mstari mwingine, na chini yake mwingine tena, kama ngazi, kwa kuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ilifika kilele Ijumaa jioni na tangu hapo maji yamekuwa yakipungua siku hadi siku. Haula akashika tawi kwa ncha za vidole na kulinyanyua. Mwani ulikuwa umenasa kwenye maua, na majani yote yalikuwa na vumbi jeupe la chumvi.

"Maji yaliyofika hapa ni ya lini?" aliuliza.

"Ijumaa jioni," alijibu Shaibu kwa sauti ndogo, ambayo kwake ilikuwa ajabu.

"Na wewe ulitangaza lini msikitini kwamba Amido anatafutwa?"

"Ijumaa. Baada ya isha."

"Kwa hiyo tawi la kusema 'tumeshatafuta' liliwekwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba kutakuwa na kutafuta. Mtu yeyote, ila wawili." Haula akasimama, magoti yakalia. "Mastura, wewe ulijua tangu mchana. Ulikuja huku?"

"Sijafika huku maisha yangu."

"Na uliyemwambia ni nani?"

Mastura alimgeukia Custódio, na kama Chaquir asingemkamata kiunoni, viatu vyeupe vingepata kazi ya kukimbia.

Rama akarudi anahema, simu mkononi. "Inspetora, upo! Mkorosho unaogusa dirisha la ofisi. Mkato mmoja, mpya, utomvu umeganda. Umekatwa mshazari kama huu huu."

Custódio alianza kusema kwa Kireno, haraka, kuhusu wakili, na utaratibu, na mtu anayemfahamu Maputo. Rama akatoa pingu. Haula akamzuia.

"Pingu zisubiri. Amido akiwa hai, kila tunalosema hapa linamnyima maji. Senhor Diretor, chukua jiwe lako."

"Nini?"

"Jiwe. Ni kielelezo cha upelelezi, na mimi vielelezo siviachi mchangani. Libebe. Utangulie."

Basi Mkurugenzi wa Parque da Baía akatangulia kwenye Njia ya Mikoko, amekumbatia jiwe kifuani kama mtoto mchanga, na matope yakaanza kazi yake kwenye vile viatu. Njia ilipinda kati ya mizizi. Mbao za daraja zilikuwa nzima kabisa. Hakuna hata moja iliyohitaji matengenezo. Baada ya kona ya pili mikoko ilikoma ghafla. Palibaki visiki, eneo zima, vimekatwa sawasawa kwa msumeno, na kwenye tope mifereji mirefu ya vitu vilivyoburutwa.

Chaquir akasimama. "Na mimi alinitangaza kwa ajili ya banda la mbuzi," alisema.

"Tembea," alisema Haula.

Mwisho wa mifereji lilisimama ghala la zamani la wapika chumvi, ukuta wa mawe na bati lenye kutu. Mlango ulikuwa wa zamani. Kufuli lilikuwa jipya.

"Amido!" Mastura akapiga kelele. "Baba Zuleica!"

Kutoka ndani kitu kiligonga mlango. Mara moja, kwa udhaifu, kisha tena.

"Ufunguo," alisema Haula.

"Uko ofisini," alisema Custódio. "Inspetora, sikumpiga. Nakuapia. Alikuta boriti Alhamisi, nikamwambia akae tu mpaka chombo kije kuzichukua, nilimwachia dumu la maji. Chombo kilikuwa kije Jumamosi, kinavuka kutoka ng'ambo ya mpaka. Hakikuja! Ningemfungulia. Lakini mke wake amekaa langoni tangu siku ile, mchana na usiku, ananitazama, ningepitaje?"

"Yaani kosa ni la mke wake."

"Sikusema—"

"Nipe hilo jiwe."

Alimpa. Haula Cassamo alikuwa ametafuta tangu asubuhi mahali pa kuiangushia ile hasira ya tatu, na kufuli lilikuwa mahali pazuri. Pigo la kwanza lilipinda komeo. La pili liling'oa misumari. La tatu halikuhitajika, lakini alilipiga.

Ndani kulikuwa na boriti zimepangwa mpaka kwenye bati, na katika nafasi iliyobaki, mgongo ukutani, alikaa Amido. Dumu la maji lilikuwa limelala ubavuni mwake, tupu. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimechubuka kwa kugonga. Mastura aliingia kabla ya polisi, kabla ya sheria, akamshika kichwa na kumnywesha maji ya chupa ya Rama kidogo kidogo kwa kiganja chake, huku akimtukana kwa mapenzi makubwa. Nyuma yao, taratibu, zilisikika pingu zikifungwa.

Amido akamsogeza mkewe pembeni apate kuwaona waliosimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tupu.

"Jumamosi niliwasikia," alisema. "Upepo ulitoka kwenu kuja kwangu. Chaquir, nilikusikia wewe. Uliniita jina. Nikagonga, nikaita mpaka sauti ikaisha. Mbona mlirudi?"

Chaquir, yule wa mwili wa mbeba mizigo, alipiga magoti kwenye tope.

"Kulikuwa na tawi, shemeji."

"Tawi la nini?"

Chaquir akamtazama Shaibu. Shaibu akaitazama kofia yake.

"La mkorosho," alisema Chaquir.

Amido alifumba macho. Walidhani amezimia, na Mastura akaanza kumtikisa bega. Kisha akayafumbua, akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mwezi wa maua," alisema. "Na nyinyi mkaamini."